Shajara ya mradi: Majira ya mwaka kwenye darasa la awali, Muheza

Shajara hii inafuata mwaka mmoja wa masomo katika darasa la awali la shule ya msingi ya serikali wilayani Muheza, mkoani Tanga. Watoto ni 54, wengi wao wa miaka mitano, na walimu ni wawili. Mwongozo wa taifa unataka mwalimu mmoja kwa watoto 25, kwa hiyo kila shughuli hapa imechujwa kwa swali moja: je, kundi la watoto tisa linaweza kuifanya ndani ya kipindi cha dakika 20, wakati wenzao 45 wako kwenye kona nyingine tano?

Shughuli hazifuati tarehe za azimio la kazi, yaani mpango wa mwalimu wa mada za mwaka. Zinafunguliwa na dalili ya nje: upepo umegeuka, mvua ya kwanza imelowesha ardhi, machungwa yamejaa sokoni. Azimio linaweza kuweka "hali ya hewa" Februari, lakini Februari ya Muheza ni jua tupu, na mtoto hawezi kufundishwa mvua ambayo haipo. Anayeiga mradi huu Mbeya au Bukoba asichukue tarehe zetu. Achukue mpangilio wa dalili.

15 Januari: Kamba ya siku

Kiangazi, kaskazi inavuma. Kazi ya kwanza ni kalenda.

Toleo la kwanza lilikuwa gurudumu la katoni lenye miezi 12 na mshale. Picha zilichorwa upya, maana chati zinazopatikana madukani zimejaa theluji na miti inayopukutisha majani. Hata baada ya kuchorwa upya, gurudumu halikufaa. Mtoto wa miaka mitano anaijua jana, leo na kesho. Mwezi kwake hauna urefu. Mshale unaosogezwa mara moja kila siku 30 unabaki kuwa pambo la ukutani.

Badala yake imefungwa kamba ya katani kuzunguka kuta, kwenye kimo cha bega la mtoto. Mwaka wa masomo una siku 194. Kadi ya upana wa sentimita 6 kwa kila siku inadai mita 11 na sentimita 64, kwa hiyo kamba ni ya mita 12 pamoja na nafasi ya kufungia mafundo. Kila asubuhi inaongezwa kadi moja. Majira yanaonekana kwa urefu: rangi ya njano inatawala ukuta wa kwanza, halafu bluu inaanza kujaa.

Vibanio vya nguo viliachwa mapema. Ni ghali kwa idadi hii, na vina tabia ya kuondoka darasani. Kadi sasa hukatwa sentimita 6 kwa 16, hukunjwa katikati juu ya kamba na kupigwa pini moja ya stepla. Pini ipigwe na mwalimu, na ncha zake zielekee ukutani.

29 Januari: Kadi zapunguzwa

Kadi zilianza nne: jua, mawingu, mvua, upepo. Ya upepo imeondolewa. Hapa kaskazi inavuma siku hiyohiyo yenye jua kali, na watoto walikuwa wakibishana ipi itundikwe, wote wakiwa sahihi. Upepo umehamishiwa kwenye bendera ya nje.

Ugomvi wa pili ulikuwa wa saa. Asubuhi jua, jioni mawingu. Nani ameona sawa? Sasa anga linaangaliwa saa 3 asubuhi tu, na kinachoonekana saa hiyo ndicho kinachotundikwa. Saa 3 ndiyo pia saa ambayo vituo vya hali ya hewa nchini husoma kipima mvua, kwa hiyo shughuli zote mbili zitakwenda pamoja mvua ikianza.

12 Februari: Bendera ya upepo

Fito ya mita 2 uwanjani, juu yake kitambaa. Kipande cha kanga kilishindwa: pamba ni nzito, na kikipata umande asubuhi hakitikisiki. Kilichofaa ni mabaki ya mtandio mwepesi kutoka kwa fundi cherehani, upana sentimita 5, urefu 60. Chini ya fito yamepangwa mawe manne yaliyopakwa rangi tofauti kwa pande nne. Mtoto hasemi "kaskazini-mashariki". Anasema kitambaa kinaelekea kati ya jiwe hili na lile. Inatosha. Kusi ikiingia, kitambaa kitageukia upande mwingine, na hapo jina la upepo litakuwa na maana kwao.

Bendera ifungwe kwa kitanzi kilicholegea kinachozunguka fito. Ikifungwa kwa fundo gumu hujiviringisha na kusema uongo.

7 Machi: Kivuli

Kijiti cha mita 1 wima, kimekaguliwa kwa timazi ya uzi na jiwe. Wazo la awali lilikuwa kupima kivuli cha adhuhuri, kwa sababu ndicho kinachosimulia majira vizuri. Tatizo ni kwamba jua la Muheza hufika juu kabisa baada ya saa 6 mchana, mwezi Machi karibu saa 6 na dakika 36, na watoto wa awali huondoka saa 5 na nusu. Kipimo kimewekwa saa 5 kamili.

Leo jua linapita karibu sawasawa juu ya wilaya, na kivuli cha saa 5 kimelala moja kwa moja magharibi, urefu sentimita 44. Watoto hawasomi sentimita. Wanakata uzi wenye urefu wa kivuli, mwalimu anaufunga karatasi ya tarehe, unatundikwa. Mwelekeo unawekewa kigingi ardhini, kipigwe hadi kibaki sentimita 2 tu juu, vinginevyo mbuzi au mpira wa darasa la tano utakichukua.

18 Machi: Kipima mvua

Mvua ya kwanza ya masika imelowesha ardhi. Hatua hii imekula muda kuliko zote, kwa hiyo inaelezwa kirefu.

Kifaa ni chupa ya maji ya lita 1.5, ile yenye kuta zilizonyooka. Shingo inakatwa pale mabega yanapoanza, inageuzwa na kuingizwa kichwa chini kama faneli, kingo zinafungwa kwa selotepu. Mpaka hapo kila mtu anajua. Shida iko kwenye kitako.

Kitako cha chupa kina makunyanzi, kwa hiyo maji ya chini hayapandi kwa kiasi sawa na mvua. Maelekezo mengi yanasema jaza changarawe na maji hadi pale kuta zinaponyooka, chora mstari wa sifuri. Darasani njia hiyo ilianguka kwa sababu mbili. Siku tatu za jua kati ya mvua na mvua, maji ya sifuri yanakauka na mstari hauna maana tena. Na mtoto aliyepewa zamu ya kumwaga maji anamwaga yote, changarawe ikiwemo.

Dawa ilikuwa saruji: sehemu moja ya saruji, mbili za mchanga laini, imwagwe hadi inapofunika makunyanzi, chupa igongwegongwe mezani ili uso ulale, iachwe kivulini siku mbili. Inaipa chupa uzito pia, haiangushwi na upepo. Lakini saruji peke yake inanyonya maji, na inapokauka inaachana kidogo na plastiki, maji yanapenya pembeni. Mvua ndogo ilikuwa ikipotea kabisa. Tabaka jembamba la mshumaa ulioyeyushwa liliziba yote mawili. Usimwage nta ikiwa bado inachemka, chupa itajikunja. Subiri ianze kupata weupe, ndipo umwage. Sifuri ni uso wa nta.

Mahali pa kuweka: umbali kutoka mti au jengo uwe angalau mara mbili ya kimo chake. Karibu na darasa hapakuwa na mahali pa namna hiyo isipokuwa pembeni ya uwanja. Mdomo wa chupa uwe sentimita 30 au zaidi juu ya ardhi, la sivyo matone yanayoruka kutoka kwenye tope yanaingia.

25 Machi: Kusoma kipima mvua na watoto wa miaka mitano

Rula yenye milimita ni ya mwalimu. Kwa watoto ulijaribiwa mkanda wa manila: unakatwa sawa na kina cha maji, unabandikwa ukutani, siku baada ya siku mikanda inakuwa grafu. Siku ya mvua kubwa inapendeza. Siku ya milimita 3 mkanda ni kipande kisichoshikika kwa kidole, na watoto wanahitimisha kwamba haikunyesha.

Kilichofanya kazi ni kijiko cha chai. Chupa yetu ina kipenyo cha sentimita 8.8, kwa hiyo kila milimita ya mvua ni karibu mililita 6 za maji. Kijiko cha chai ni mililita 5. Vijiko sita ni milimita tano. Watoto wanamimina maji kwenye kikombe, wanateka kijiko kimojakimoja wakihesabu, na kwa kila kijiko kisoda kimoja kinaingia kwenye kopo la siku hiyo. Hii imegeuka kuwa kipindi cha hisabati bila kutangazwa hivyo. Vikizidi vijiko 20 wanachoka na kuanza kumwagiana. Hapo tumia mkanda. Pima kipenyo cha chupa yako kwanza, kwa sababu chupa hazilingani.

Jumatatu kuna maji ya siku tatu. Yasigawanywe kwa makisio. Kopo lake lina picha ya nyumba, maana yake "mvua iliyonyesha tukiwa nyumbani".

15 Aprili: Mbegu

Masika imeshika. Kila kundi limepewa chupa tatu za plastiki zilizokatwa, karatasi ya chooni iliyokunjwa kuzunguka ukuta wa ndani, mbegu kati ya karatasi na plastiki ili mzizi uonekane.

Awamu ya maharage ilioza karibu yote. Sababu zilikuwa mbili zimekaa pamoja. Kwanza, maji: watoto tisa, kila mmoja anataka kumwagilia, na mbegu iliyozama haipati hewa. Pili, maharage yenyewe yalikuwa ya zamani. Kwenye jaribio la kulowesha mbegu kumi na kuzifunga kwenye kitambaa chenye unyevu, zilichipua nne. Jaribio hilo lifanywe kabla ya kuwapa watoto mbegu yoyote. Zikichipua pungufu ya nane kati ya kumi, tafuta nyingine.

Awamu ya pili ilitumia kunde. Joto la hapa linazifaa, na siku ya tatu au ya nne mzizi ulikuwa umetoka. Mtoto bado anakumbuka alichopanda. Maji sasa ni visoda viwili kwa chupa, mara moja kwa siku, na mwenye zamu anavaa mkufu wa uzi wenye kisoda. Asiye na mkufu hagusi maji. Ukali huu mdogo ndio ulioziokoa mbegu.

Onyo ambalo lisirukwe: usitumie mbegu za dukani zilizopakwa rangi, ya waridi, kijani au bluu. Hiyo rangi ni alama ya dawa. Nafaka ya ghalani nayo mara nyingi imechanganywa na dawa ya unga ya kuua wadudu, isiyoonekana ikishachekechwa. Nunua za kula, kutoka kwa mtu anayekuthibitishia hazina dawa, kisha zioshe.

13 Mei: Ukungu, mende na mbu

Unyevu wa masika umeshambulia darasa lenyewe. Mpangilio wetu wa kubandika ulitegemea gundi ya wanga: kikombe kimoja cha unga wa muhogo, vikombe vinne vya maji, moto mdogo hadi iwe angavu. Siku ya tatu ilikuwa na ukungu kwenye kopo. Chati zilizobandikwa kwayo zilitafunwa kingo na mende usiku, nao panya wakafuata.

Marekebisho: pika robo ya kiasi hicho, ya siku mbili tu, ongeza kijiko kikubwa kimoja cha siki baada ya kuitoa motoni, chati za kudumu zipigwe pini badala ya gundi. Siki inachelewesha ukungu, haiuzuii. Mende hawajali siki.

Jambo zito zaidi ni maji yaliyosimama. Vikombe vya mbegu, kopo la mvua, hata vifuu vya kona ya mchezo vilivyoachwa nje, vyote vinazaa mbu. Kwa joto la hapa, yai linaweza kuwa mbu kamili ndani ya wiki moja na siku kadhaa. Ijumaa kabla ya kwenda nyumbani kila chombo kinamwagwa kwenye ardhi kavu na kufunikwa kichwa chini. Kundi la zamu linazunguka na orodha ya picha. Viluwiluwi vya mbu vilivyopatikana kwenye kifuu viliwekwa kwenye chupa, mdomo ukafungwa kitambaa, vikaangaliwa kwa kipindi kimoja, vikamwagwa juani. Kati ya vyote vya masika, hicho ndicho watoto walichokwenda kukisimulia nyumbani, na wazazi wawili watatu wakaja kuuliza kuhusu mapipa yao.

2 Julai: Kipupwe

Baada ya likizo. Kivuli cha saa 5 sasa ni sentimita 71, na hakikulala magharibi tena, kimeegemea kusini. Uzi wa Machi na wa leo ukiwekwa pamoja, mtoto anaona mwenyewe. Bendera nayo imegeuka, kusi imetawala. Swali "jua limehamia wapi?" halikujibiwa na mwalimu. Walisimama migongo ikielekea kivuli na kulionyesha kwa mikono, macho chini. Kulitazama jua moja kwa moja ni marufuku, na kanuni hiyo inarudiwa kila mara.

9 Julai: Machungwa na mahindi

Machungwa ni rahisi, Muheza hayana bei msimu huu na wazazi wanaleta. Kupanga kwa ukubwa, kuhesabu vipande, kukamua na kupima kwa vikombe, chapa za rangi kwa nusu iliyokauka usiku mmoja (ikiwa mbichi inatoa maji na kuharibu karatasi). Maganda yasikunjwe karibu na uso. Mafuta yake yanawasha macho.

Mahindi yalileta shida. Kupukuchua kunawafaa vidole vyao, na ni mazoezi mazuri kabla ya penseli. Lakini punje zikiachwa kwenye kona ya hisabati, zinaishia puani na masikioni. Maharage ni mabaya zaidi kwa sababu yanavimba yakipata unyevu, na kuyatoa ni kazi ya zahanati. Kanuni mpya: punje na maharage vinatumika mwalimu akiwa mezani, vinahesabiwa kwa kopo na kurudishwa. Vya kuachiwa watoto ni visoda, kokwa za maembe zilizokaushwa na vifuu vidogo. Faida ya ziada: dumuzi hawali visoda.

4 Oktoba: Kabla ya vuli

Kivuli kimerudi moja kwa moja magharibi. Urefu ni sentimita 33 badala ya 44 za Machi, na mwalimu atakayeiga atashangaa kama hakuambiwa: jua linapita juu yetu siku zote mbili, lakini mwezi huu linawahi saa ya ukutani kwa zaidi ya dakika 20 ukilinganisha na Machi, kwa hiyo saa 5 limeshapanda zaidi. Kwa watoto angalia mwelekeo, acha urefu.

Kipima mvua kimeoshwa na nta kukaguliwa.

4 Novemba: Mchicha

Vuli imeanza. Tuta moja la mita 1 kwa 2, upana huo ili mtoto afike katikati bila kukanyaga. Mbegu za mchicha ni ndogo mno kwa vidole vya watoto. Ukimpa mbegu tupu atamwaga zote mahali pamoja. Zichanganye na mchanga mkavu, kijiko kimoja cha mbegu kwa kumi vya mchanga, wanyunyize kutoka kwenye kopo lililotobolewa kifuniko.

Mvua ya usiku ilisomba upande mmoja wa tuta. Tulirudia upande huo na kuufunika kwa nyasi kavu, zikaondolewa mara miche ilipojitokeza siku ya nne. Ukichelewa kuziondoa, miche inarefuka myeupe na kulala. Kuku wamezuiwa kwa fito na neti ya zamani ya kuvulia.

29 Novemba: Kuvuna, gharama na kuhifadhi

Mchicha umeng'olewa ukiwa na wiki tatu na siku chache, ukapikwa na uji wa mwisho wa muhula. Kivuli cha saa 5 ni sentimita 45 na kimeelekea kaskazini-magharibi, upande ambao hakikuwahi kwenda Julai.

Fedha: kamba ya katani Sh 6,000, manila shiti kumi Sh 7,000, stepla na pini Sh 9,000, saruji ya rejareja kilo mbili Sh 1,500, mishumaa Sh 1,000, makapeni tatu Sh 4,500, kunde kilo moja Sh 2,500, mbegu za mchicha Sh 2,000, unga wa muhogo na siki Sh 3,500. Jumla Sh 37,000. Zilizopotea kwenye majaribio ni Sh 6,500: vibanio Sh 3,000 na maharage Sh 3,500. Chupa, visoda, vifuu na mtandio vilikuja bure.

Kamba ya siku inakunjwa bila kuondoa kadi na kuwekwa kwenye ndoo yenye mfuniko, kwa sababu mchwa hupenda manila kuliko mbao za kabati. Nyuzi za vivuli zihifadhiwe humo na karatasi zake za tarehe. Chupa za kipima mvua zisihifadhiwe: plastiki iliyokaa juani mwaka mzima inapasuka ukiibinya. Ikate upande mmoja, kipande cha saruji kitatoka kizima na kinaweza kutumika tena kama kitako cha chupa ya aina ileile; tabaka la nta limwagwe upya.